Kubadilisha sili ya nyuma ya krenki ya Hiace ukiwa nyumbani

Sili yenyewe ni pete ya mpira tu, inayozuia oili isivuje pale krenki (shafti kuu ya injini) inapotokeza nyuma, na bei yake haishtui. Kazi iko kwenye kuifikia: propela ishuke, gia boksi ishuke, klachi na flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya krenki) zitoke. Kwa hivyo usiguse bolti hata moja mpaka uwe na hakika kwamba ndiyo inayovuja.

Oili inayodondoka pale injini inapoungana na gia boksi huweza kutoka kwengine kabisa. Gasketi ya kava la juu ikichoka, oili huteremka mgongoni mwa bloku na kudondokea pale pale. Sili ya mbele ya gia boksi nayo hali kadhalika. Chovya kidole: oili ya injini ya dizeli ni nyeusi tii, ya gia boksi ina rangi ya asali na inanuka kama yai viza. Kisha osha nyuma ya injini kwa dizeli na brashi, kausha kwa tambara, paka poda ya mtoto juu mpaka chini, na uiache injini iungurume dakika 20. Mchirizi kwenye poda utakuonesha chanzo. Juu kukiwa kukavu na oili nyeusi inatoka ndani ya hauzingi (nyumba) ya klachi, sili ndiyo.

Bado usiende dukani. Fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inaunguruma. Moshi mwembamba si neno. Ukitoka kwa kusukuma, kama mvuke wa birika, ama bomba la kupumulia limeziba, ama ringi za pistoni zimekwisha. Pumzi hiyo inatafuta pa kutokea, na itaitoboa sili mpya kama ilivyoitoboa kuukuu. Bomba lililoziba huoshwa kwa petroli. Ringi ni kazi nyengine.

Nunua sili kwa namba ya injini (3L, 5L au nyengine), si kwa jina la gari. Kwenye sili huandikwa vipimo vitatu kwa milimita: ndani, nje na unene. Chukua pamoja na gasketi ya kishikilio cha sili, gundi ya kufungia bolti, na oili ya gia. Plet ya klachi ikiwa imelowa oili, nunua mpya. Ukiiosha kwa petroli itashika siku mbili, kisha itateleza. Aliyeko Wete au Konde, huko Pemba, aweke kila kitu mkononi kabla ya kuanza, maana spea ikisubiriwa kwa boti kutoka Unguja, gari italala juu ya stendi.

Stendi ziwe za chuma. Tofali la saruji hupasuka bila kutoa ishara, na jiwe la matumbawe ndiyo usiseme. Uani kukiwa na mchanga, tandika mbao nene chini ya kila stendi na chini ya jeki.

Toa waya wa hasi wa betri. Mwaga oili ya gia, usije ukaoga nayo propela ikichomoka. Tia alama ya rangi kwenye flanji ya propela na ya difu (gia za ekseli ya nyuma) ili irudi ilivyokuwa. Toa waya za gia, waya wa spidi, plagi ya taa ya rivasi na stata. Silinda ndogo ya klachi ifungue uining'inize kwa kamba; usikate bomba lake. Gari za huku visiwani zina chumvi, kwa hivyo bolti za hauzingi zirushie mafuta ya kulegeza kutu tangu usiku.

Gia boksi ni kazi ya watu wawili na jeki. Ichomoeni imenyooka. Ikiachwa kuning'inia kwenye shafti yake, hupinda kitovu cha plet.

Flaiwili ikitoka, na bati la nyuma yake kama lipo, sili utaiona. Kabla ya kuing'oa, pima kwa kipimio imezama kiasi gani. Toboa kwa uangalifu matundu mawili madogo kwenye uso wake, tia skrubu nyembamba, vuta kwa koleo upande huu na upande huu. Ncha ya bisibisi isiguse krenki: mkwaruzo mmoja ni mfereji wa oili. Pitisha ukucha pale mdomo wa sili ulipokuwa ukisuguana. Ukinasa, krenki imelika; ipige sili mpya milimita 1 au 2 nje zaidi, mdomo ukae mahali pasipolika.

Sili ya mpira yenye springi pakwa oili kidogo mdomoni, springi ikitazama injini. Ile ya PTFE (aina ya plastiki), isiyo na springi, huingizwa kavu, bila kuguswa mdomo. Igonge polepole kwa kipande cha bomba la PVC lenye upana unaokaribia wa sili, ukizunguka. Ikiingia upande, itoe uanze upya.

Bolti za flaiwili zisafishe, zipake gundi, kaza kwa kukatiza kwa awamu tatu mpaka kipimo cha kitabu cha injini yako. Plet isimamishe katikati kwa kijiti kilichozungushwa tepu mpaka kijae tundu la beringi iliyo katikati ya krenki. Bila hivyo gia boksi haiingii. Na isipoingia, usiivute kwa bolti za hauzingi, utaipasua. Itikise, zungusha krenki kidogo, itakubali.

Jaza oili ya gia mpaka ianze kuchuruzika kwenye tundu la pembeni, endesha dakika 15, chungulia chini. Chungulia tena baada ya kilomita 100. Oili chafu itie dumuni. Jiwe la Unguja lina matundu, na ukimwaga uani itafika kisimani kabla hujamaliza kunawa.