Kubalansi vita vya manowari mezani bila kuichakachua historia, hatua kwa hatua

Kwenye hizi gemu za manowari za mfano ugomvi ni uleule kila siku, huyu anataka historia kama ilivyokuwa, yule anataka pande mbili ziwe sawa ili kila mtu akae mezani akiwa na nafasi ya kushinda, na njia ambayo wengi wanamalizia huo ugomvi inaniuma sana: wanachukua karatasi ya meli (ile inayoandika nguvu zake) wanapunguza deraya, yani chuma cha kuikinga, au wanaongeza mzinga ambao haukuwepo. Msifanye hivyo jamani. Meli iache kama ilivyotoka kiwandani, balansi itafute kwingine, yani kwenye maana ya kushinda, kwenye nani anajua nini, na kwenye ukubwa wa meza. Natumia pambano la Rio de la Plata (mdomo wa mto kati ya Uruguay na Argentina) la tarehe 13 Desemba 1939, Wajerumani na Waingereza kwenye Vita Kuu ya Pili, kama mfano, lina meli nne tu na linaisha kwa kikao kimoja.

Hatua ya 1: Andika meli zilivyo

Mjerumani ana Graf Spee, mizinga 6 ya sentimita 28, kombora moja kilo 300 hivi. Waingereza wana Exeter yenye mizinga 6 ya inchi 8 (kombora kilo 116), halafu Ajax na Achilles, kila moja mizinga 8 ya inchi 6 na kombora la kilo 51 tu. Spidi, Graf Spee noti (maili za baharini kwa saa) 28 hivi, zile tatu za Waingereza ni kruza, manowari za ukubwa wa kati, na zote zinapita 30. Basi, hayo hayaguswi tena mpaka mwisho.

Hatua ya 2: Jiulize kila upande ulitoka bandarini kufanya nini

Hapa ndo penyewe, tulia hapa. Langsdorff, nahodha wa Graf Spee, alitumwa kuwinda meli za mizigo, na maagizo yake yalikuwa akwepe manowari za adui, maana yuko Atlantiki ya kusini, hana bandari ya kwake ya kufanyia matengenezo, na makombora aliyonayo ndo hayohayo. Harwood, kamanda wa Waingereza, hakulazimika kuizamisha, ilitosha kuijeruhi kiasi kwamba haiwezi kurudi kwao. Sasa angalia ilivyoisha: Exeter mizinga yake mikubwa yote imenyamaza na imejitoa, Ajax imepoteza minara yake yote miwili ya nyuma, Graf Spee bado inaelea na bado inapiga, lakini mtambo wake wa kusafishia mafuta ya injini umeharibika na zaidi ya nusu ya makombora yameshatumika, ikaingia Montevideo, bandari ya Uruguay, na tarehe 17 Desemba mabaharia wake wakailipua wenyewe. Ukihesabu nani kaumia zaidi siku ile, Mjerumani kashinda. Ukihesabu kazi aliyotumwa, kashindwa kabisa. Gemu nyingi zinahesabu ile ya kwanza tu, ndo maana watu wanaona pambano halina balansi wakati lilikuwa nayo tangu mwanzo.

Kwa hiyo mimi naweka hivi. Mjerumani anapata pointi 3 kwa kruza iliyozama na 1 kwa kruza isiyoweza kupiga tena. Anapoteza 2 kwa kila pigo linalogusa injini au mafuta, na 3 zaidi akivuka nusu ya makombora yake. Utaona mchezaji anaanza kuhesabu makombora kama mtu aliye mbali na nyumbani, na hapo historia imeingia mezani bila wewe kugusa deraya hata kidogo.

Hatua ya 3: Ficha anachojua kila mtu

Langsdorff alipoziona zile meli kwa mbali alidhani Ajax na Achilles ni distroya, manowari ndogo zaidi ya kruza, kwa hiyo akasogea. Mchezaji wako kasoma habari zote hawezi kudhani hivyo. Weka vibao vya namba badala ya meli, refa peke yake anajua kibao kipi ni nini, na baadhi ya siku weka distroya kweli. Kule mlango bahari wa Denmark (kati ya Greenland na Iceland) tarehe 24 Mei 1941 Hood ya Waingereza ilianza kwa kuipiga Prinz Eugen ikidhani ni Bismarck, zote mbili za Wajerumani, hilo kosa lilitokea kwa mabaharia wazoefu wakiwa na darubini mkononi, sasa kwa nini mchezaji wako asiwe na uwezekano wa kulifanya?

Hatua ya 4: Angalia meza yako

Modeli za 1:2400, yani meli iliyopunguzwa mara 2400, ni nzuri sana ila kilomita 20 za mzinga kwa skeli hiyo ni mita 8 na kitu sakafuni. Kwa hiyo skeli ya umbali lazima iwe tofauti na ya modeli. Ukibana meza sana, distroya zinaanza gemu zikiwa tayari ndani ya umbali wa torpido (bomu linalokwenda chini ya maji), mizinga mikubwa inakosa faida yake, na watu wanalaumu sheria kumbe kosa ni la meza.

Hatua ya 5: Usifute bahati mbaya

Kwenye pambano lilelile la Denmark Hood ililipuka, kati ya watu 1,418 wakapona 3. Wengine wanaondoa kabisa ile sheria ya ghala la baruti kulipuka kwa sababu inaua gemu. Mimi naiacha, kwa uwezekano mdogo, ila naweka malengo ambayo yanaendelea hata baada ya hapo: Prince of Wales, mwenzake Hood, iliipiga Bismarck mara 3, mafuta yakavuja, safari yake ya kuwinda misafara ya meli za mizigo ikafa. Kwa hiyo anayebaki na meli moja bado ana kitu cha kupigania.

Hatua ya 6: Mnada, halafu badilishaneni

Kila mmoja anaandika kwa siri pointi ngapi yuko tayari kumpa mwenzake ili achukue upande anaoutaka. Aliyeandika nyingi anapewa huo upande na mwenzake anaanza na hizo pointi mkononi. Mkimaliza badilishaneni upande mcheze tena.

Hatua ya 7: Rekebisha pointi

Cheza mara tano, andika matokeo. Mjerumani akishinda nne, shusha kikomo cha makombora kutoka nusu hadi theluthi moja, akipoteza nne, ile adhabu ya injini ishuke kutoka 2 hadi 1, halafu rudi mezani na meli zilezile.