Kufufua bustani kongwe ya mtaa kwa nguvu za watu wa kujitolea: mwongozo wa hatua kwa hatua

Bustani kongwe huumizwa na kutelekezwa, lakini huumizwa zaidi na msaada wa haraka. Ukuta wa mawe ulioachwa bila matunzo kwa miaka thelathini mara nyingi bado unarekebishika. Ukuta huohuo ukijazwa saruji siku moja, mawe yake huanza kumenyeka, na uso wa jiwe ukishatoka haurudi. Kwa hiyo fuateni mpangilio huu: kwanza karatasi, kisha maji, kisha miti, halafu kuta, na chuma na rangi mwisho. Kila kikundi hutamani kuanza na rangi kwa sababu ndiyo inayoonekana. Jizuieni.

Hatua ya 1: Ruhusa na historia

Pateni ruhusa ya maandishi kutoka kwa mwenye bustani, ambaye mara nyingi ni serikali ya mtaa. Iseme mnaruhusiwa kugusa nini, nani anabeba gharama mtu akiumia, na vifaa vitatunzwa wapi. Kama bustani imeorodheshwa kuwa urithi, huenda hata kubadili rangi ya geti kukahitaji kibali.

Kisha tafuteni bustani ilivyokuwa: ramani za zamani, picha za angani, kadi za posta, kumbukumbu za vikao, na wazee waliocheza humo. Hati ya Florence, yaani mwongozo wa kimataifa kuhusu bustani za kihistoria ulioandaliwa mwaka 1981, inakataza kurejesha chochote kabla ya utafiti wa kina. Katazo hilo lina maana mahali popote. Njia inayoonekana kupinda bila sababu inaweza kuwa ilizunguka mti uliokwisha kufa, na mkiinyoosha mmefuta ushahidi. Pia msifute kila kilichoongezwa baada ya siku ya kwanza. Kiti kilichowekwa miaka hamsini baadaye nacho ni sehemu ya historia ya mahali hapo.

Hatua ya 2: Ramani na picha

Chukueni futi kamba ya mita 30, mchore ramani kwa kipimo cha 1:200, yaani sentimita 1 kwa mita 2. Kila mti, kiti, nguzo, ngazi na mfuniko wa mtaro upewe namba. Pembeni ya namba andikeni hali yake: ni hatari, kinaendelea kuharibika, au kinaweza kusubiri. Daraja la kati ndilo la kuwekea nguvu. Vitu vya hatari vizungushieni uzio, mwite fundi au mhandisi.

Chagueni sehemu nane hadi kumi za kudumu za kupigia picha, mziweke kwenye ramani. Piga picha ukiwa umesimama palepale, kwa kimo kilekile, mara moja kila msimu. Bila picha hizo hamtajua kama ufa unakua.

Hatua ya 3: Maji

Karibu kila uharibifu wa bustani ya zamani una maji nyuma yake. Nendeni mvua inaponyesha, mtazame maji yanatoka wapi, yanasimama wapi, na udongo unabebwa kuelekea wapi. Wekeni alama za vigingi.

Zibueni mitaro kuanzia chini kupanda juu. Mkianzia juu, tope lote linateremka na kuziba sehemu ya chini ambayo hamjaifikia. Tope lililotolewa lisiachwe ukingoni, mvua ya kwanza italirudisha. Angalieni pia kama udongo umejaa dhidi ya ukuta au ngazi. Usawa wake ukipita usawa wa asili, ukuta unanyonya unyevu mwaka mzima.

Njia ya changarawe inahitaji mgongo: katikati iwe juu kuliko kingo kwa sentimita 2 hadi 3 kwa kila mita ya upana wa nusu njia. Njia ya mita 3, basi, katikati yake inyanyuke sentimita 3 hadi 4.5. Chimbeni palipobonyea, wekeni tabaka la kokoto zilizopondwa la sentimita 10 hadi 15, mshindilie, kisha changarawe ya juu sentimita 5. Msishindilie zaidi ya sentimita 10 kwa wakati mmoja, kwani mashine au kibao cha kushindilia hakifiki chini zaidi ya hapo. Changarawe iwe na vumbi lake ndani. Kokoto za mviringo za mtoni hazishikani. Hutembea chini ya miguu na kuishia kwenye mtaro mliouzibua. Mwagieni maji kidogo kabla ya kushindilia, iwe na unyevu bila kuwa tope.

Hatua ya 4: Miti

Mti mkubwa ndio kitu pekee katika bustani ambacho fedha haiwezi kukirudisha kwa muda mfupi. Mizizi yake mingi inayonyonya iko katika sentimita 30 za juu za udongo, na huenea mbali na shina. Pimeni mzingo wa shina kwa kimo cha mita 1.5, mgawanye kwa 3.14 kupata kipenyo, kisha mzidishe kwa 12. Shina la kipenyo cha sentimita 50 linahitaji duara la mita 6 kila upande. Ndani ya duara hilo hakuna kuchimba mtaro, kuegesha gari, kurundika mchanga, wala kuongeza udongo. Mti uliofukiwa mizizi huweza kuchukua miaka kadhaa kuonyesha kwamba unakufa, na wakati huo hakuna anayekumbuka lori la mchanga.

Udongo ulioshindiliwa na miguu ya watu ufunikeni kwa vipande vya mbao au majani yaliyooza, unene wa sentimita 5 hadi 10. Acheni nafasi ya sentimita 15 kuzunguka shina. Rundo lililobanwa kwenye gome hulifanya lioze na kuficha wadudu.

Tawi dogo linalofikiwa ukiwa umesimama chini likatwe kwa mikato mitatu. Wa kwanza uwe chini ya tawi, sentimita 30 kutoka shinani, uingie theluthi moja. Wa pili ni kutoka juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, mpaka tawi lianguke. Wa tatu unaondoa kisiki kilichobaki, nje kidogo ya uvimbe ulio pale tawi linapoungana na shina. Uvimbe huo usiguswe, ndimo mti unamofungia kidonda. Mkiruka mkato wa kwanza, tawi litachana gome hadi chini. Kidonda msikipake rangi wala lami. Kazi ya kupanda juu na ya msumeno wa injini ni ya wataalamu tu.

Kabla ya kufyeka, pitieni na mtu anayejua mimea, mfunge utepe kwenye kila kinachobaki. Utepe uwe wa vinavyobaki, si vya kukatwa. Kwa kuwa unaweza kudondoka, waulizeni wenzenu kabla ya kukata mmea usio na utepe. Ng'oeni magugu siku moja au mbili baada ya mvua, mizizi itoke mizima.

Hatua ya 5: Kuta na ngazi

Hapa ndipo bustani nyingi huharibiwa na watu wenye nia njema. Kuta nyingi za zamani zilijengwa kwa mota ya chokaa, yaani udongo wa kujengea unaoshikanisha mawe, uliochanganywa kwa chokaa na mchanga. Chokaa ni laini na hupitisha unyevu, hivyo maji hutokea kwenye kiungo, yaani mstari wa mota kati ya mawe, badala ya kwenye jiwe. Saruji ni ngumu na huyafunga maji. Yanatafuta njia kupitia jiwe au tofali, yanaacha chumvi ndani yake, na chumvi ikikauka inapasua uso. Kanuni ni moja: mota iwe dhaifu kuliko jiwe.

Jueni kwanza mota ya zamani ni ya nini. Vunjeni kipande kutoka ndani ya kiungo, mkitie kwenye siki. Chokaa itatoa povu na kuyeyuka polepole, mchanga utabaki. Uosheni, mtafute mchanga mwingine unaofanana nao kwa rangi na ukubwa wa punje. Mkiona vipande vya kombe, kumbukeni navyo huyeyuka kwenye siki. Mchanga wa pwani usitumike kwa sababu ya chumvi.

Uwiano wa kuanzia ni chokaa iliyozimwa kwa maji na kulowekwa sehemu 1, mchanga mkali wenye punje mchanganyiko sehemu 3. Chokaa ya unga ya mfuko ilowekwe walau saa 24. Msiongeze saruji "kidogo tu ishike". Saruji kidogo huidhoofisha chokaa bila kuipa nguvu yake yenyewe.

Ondoeni mota mbovu kwa tindo nyembamba na nyundo, kina mara mbili ya upana wa kiungo na kisipungue milimita 25. Msitumie mashine ya kukatia. Ikiteleza mara moja inachora jiwe milele. Fagieni vumbi, lowesheni kiungo, kisha jazeni kwa kukandamiza, kila tabaka lisizidi milimita 20. Mota ikianza kukaza lakini bado inapokea alama ya ukucha, igongeni kwa brashi ngumu ili ishike na uso wake ufunguke.

Funikeni kwa magunia yenye unyevu kwa siku 7 au zaidi. Chokaa hukaza kwa kuvuta hewa ya ukaa, na haiwezi kufanya hivyo ikiwa kavu. Ikikaushwa na jua inakuwa unga, na watu husema chokaa haifai. Vaeni miwani na glavu. Chokaa ikiingia jichoni, suuzeni kwa maji safi kwa dakika 20 mkielekea hospitali.

Sanamu na mawe yenye maandishi ni maji safi na brashi laini tu. Hakuna asidi, dawa ya madoa, brashi ya waya, wala mashine ya maji ya kasi.

Hatua ya 6: Uzio, viti na rangi

Rangi yoyote ya zamani ichukulieni kuwa ina risasi, yaani ile metali yenye sumu. Msiikwangue ikiwa kavu wala kuichoma. Tandikeni plastiki, lowesheni, tumieni msasa wa maji, vaeni barakoa ya kuchuja vumbi laini ya daraja la P3, na watoto wakae mbali. Mabaki yafungwe, yapelekwe panapopokelewa taka hatari.

Kabla ya kuondoa rangi, tafuteni rangi ya asili. Chagueni sehemu iliyojificha, msugue duara dogo kwa msasa laini wenye maji mpaka tabaka zionekane kama pete. Ya ndani kabisa, nyekundu au kijivu, kwa kawaida ni praima, yaani rangi ya msingi. Rangi ya kwanza ni inayofuata juu yake. Mstari mwembamba wa uchafu kati ya tabaka unaonyesha rangi hiyo ilikaa wazi muda mrefu.

Chuma kikiwa kimesafishwa, kipakeni praima siku hiyohiyo, ndani ya saa chache, maana kutu hurudi haraka. Mikono miwili ya praima ya kuzuia kutu ya zinki fosfeti, kisha miwili ya rangi ya juu. Kona na maungio yapakwe mara moja zaidi, rangi hukimbia kwenye ncha. Angalieni nguzo inapoingia kwenye jiwe: kutu huvimba na kupasua jiwe, hivyo maji yasisimame hapo. Chuma cha kusubu (kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu) kilichopasuka msikichomelee kwa njia ya kawaida, kitapasuka pembeni.

Mbao za viti zibadilishwe zilizooza tu, kwa upana, unene na mviringo uleule. Toboeni tundu kwanza, mtumie skrubu za shaba au chuma kisichoshika kutu.

Matunzo baada ya hapo

Kiongozi mmoja asisimamie zaidi ya watu kumi, na kila mtu awe mbali na mwenzake mara mbili ya urefu wa kifaa alichoshika. Mitaro ikaguliwe kabla na baada ya kila msimu wa mvua. Miti michanga ipate lita 20 za maji kwa wiki katika ukame, kwa miaka miwili ya kwanza. Kila kazi iandikwe kwenye daftari kwa namba ya ramani: tarehe, kilichofanyika, uwiano wa mota, jina la rangi. Nakala moja ibaki kwa mwenye bustani, nyingine kwa kikundi.