Kitenzi na Mkia Wake: Jinsi ya Kushika Vihusishi vya Kiingereza

Kazi yangu ni kusahihisha Kiingereza kilichoandikwa na watu waliokulia kwenye Kiswahili. Tahajia hainisumbui, siku hizi kompyuta inaisimamia. Wino wangu unaishia kwenye vihusishi, yaani vineno vifupi: "to", "at", "for", "on", "about". Mtu anaandika ukurasa mzima bila dosari, halafu inatokea "I am waiting you". Mwingine anaandika "We discussed about the plan" akidhani amekamilisha, kumbe amezidisha. Kila kosa kati ya haya mawili lina chanzo chake, na tunaanza na la kwanza.

Hatua ya 1: Chunguza kwanza lugha yako

Tazama "hama" na "hamia". Anayehama anaondoka mahali, anayehamia anakwenda kukaa mahali. Kimbia na kimbilia, lia na lilia, ni yale yale. Tofauti yote imebebwa na sauti chache mwishoni mwa kitenzi. Sarufi inaiita kauli ya kutendea. Mimi napenda kuuita mkia. Kiingereza hakina mkia huo, kwa hiyo kazi yake hufanywa na neno linalosimama peke yake nje ya kitenzi: "move to", "run to", "cry for".

Mkia wetu nao una vituko. Tembea imezaa tembelea, shika imezaa shikilia, enda imezaa endelea. Hakuna anayekaa chini kujumlisha enda na mkia wake ili apate maana ya endelea. Tumeizoea hivyo ilivyo. Basi usishangae kwamba "look" ni tazama, "after" ni baada ya, na "look after" ni tunza.

Hapo ndipo kosa la kwanza linapozaliwa. Subiri, sikiliza, tazama, tegemea na omba ni vitenzi vilivyojitosheleza, havihitaji neno la kuviunganisha na yambwa, yaani mtu au kitu kinachotendwa. Tukivihamisha tunachukua kitenzi kitupu: "wait", "listen", "look", "depend", "ask". Mwenye lugha husema "wait for", "listen to", "look at", "depend on", "ask for".

Hatua ya 2: Usiandike kitenzi peke yake daftarini

Ukiandika kwamba "depend" ni tegemea, umejiwekea mtego. Andika "depend on something". Fanya hivyo hasa kwa vitenzi vyenye mtu na jambo kwa pamoja, maana Kiswahili huvibeba vyote viwili bila kihusishi. Nilimweleza mwalimu tatizo: sentensi safi. Ukiipeleka jinsi ilivyo unapata "I explained the teacher the problem", na hiyo haikubaliki. Inatakiwa "I explained the problem to the teacher".

Viandike hivi: "accuse somebody of something", "congratulate somebody on something", "prevent somebody from doing something", "blame somebody for something", "provide somebody with something". Pia angalia hili, linalowachanganya hata waliobobea: "steal something from somebody", lakini "rob somebody of something". Wizi unaweza kuwa mmoja, ila "steal" hutanguliza mali na "rob" hutanguliza mwenye mali.

Hatua ya 3: Jaribu kwa kiwakilishi

"Look after the child" na "turn off the light" zinafanana kwa sura. Badilisha nomino kwa kiwakilishi uone. Ya kwanza inakuwa "look after him". Ya pili haiwi "turn off it". Inakuwa "turn it off". "After" ni kihusishi cha kweli, kinakaa mbele ya yambwa yake na hakimpishi mtu. "Off" hapa ni kijineno cha kitenzi, kinaruhusu yambwa ipite katikati, na yambwa ikiwa kiwakilishi ni lazima ipite.

Sikio nalo linasaidia. Mzungumzaji akisema "turn it off", mkazo unaangukia "off". Akisema "look at it", "at" inamezwa kiasi kwamba hutaisikia vizuri. Kinachokazwa mara nyingi ndicho kinachohama: "pick up", "put on", "give up", "throw away". Kinachomezwa kwa kawaida hubaki palepale: "look for", "wait for", "listen to".

Jozi ninayoipenda kwa kufundishia ni "run up a hill" na "run up a bill". Kilima unakipanda kwa mbio: "run up it". Deni unalilimbikiza: "run it up". Maneno ni yaleyale, tabia tofauti.

Hatua ya 4: Jua vitenzi visivyotaka chochote

"Discuss", "enter", "reach", "answer", "contact", "request", "demand", "emphasise", "approach", "resemble", "marry". Hivi hushika yambwa moja kwa moja. Kwa nini basi tunaviongezea? Kwa sababu nomino zilizo ndugu zao zinataka kihusishi: "a discussion about", "a request for", "a demand for", "an answer to", "an emphasis on". Tunasikia nomino, tunaiga kwenye kitenzi. Kwa hiyo chagua moja: "We discussed the plan" au "We had a discussion about the plan".

"Marry" ina mtego wake, kwa kuwa sisi husema kuolewa na fulani. Kwa Kiingereza ni "She married him" au "She is married to him". Ukisikia "She is married with two children", mwenzako hajakosea, na wala hazungumzii harusi ya ajabu: anasema kwamba ana mume na watoto wawili.

Hatua ya 5: Pale penye picha, itumie

Si vyote vya kukariri. "At" mara nyingi ni kulenga. "Throw the ball to him" ni ili audake. "Throw the ball at him" ni ili umpige nao. "Shout to me" ni ili nisikie ukiwa mbali. "Shout at me" umenifokea. "Laugh at somebody" ni kumfanya mtu shabaha ya kicheko. "For" hupenda kukaa na kitu ambacho bado hakijapatikana: "look for", "search for", "wait for", "hope for", "ask for".

Usiikamue sana picha, lakini. Kwa mantiki ya mwelekeo ungetarajia "arrive to", maana kuna "come to", "go to" na "get to". Haipo. Ni "arrive in" kwa nchi au mji, "arrive at" kwa kituo, mlango au uamuzi.

Hatua ya 6: Yambwa ikiondoka, kihusishi kinabaki

"What are you waiting for?" "The man I spoke to." "He was laughed at." Wanafunzi huogopa kihusishi kilichoachwa peke yake mwishoni, wanakifuta. Wengine wamefundishwa kwamba ni kosa. Lawama hiyo ni ya zamani: mwaka 1672 mshairi Mwingereza John Dryden alimkosoa mwandishi wa tamthilia Ben Jonson kwa jambo hilohilo, na watu wameendelea kuzungumza hivyo hadi leo. Kiache.

Hatua ya 7: Vitenzi vya maneno matatu

Hivi vikariri tu: "put up with" ni vumilia, "run out of" ni kuishiwa, "look forward to" ni kungojea kwa hamu. Angalia "to" ya mwisho, ni kihusishi. Pima kwa kuweka nomino: "look forward to the holiday" inakaa vizuri, kwa hiyo kitenzi kikija hapo huvaa "-ing": "I look forward to meeting you". Kanuni hii inagusa vihusishi vyote, "insist on paying", "succeed in passing".

Ukikuta Mmarekani ameandika "write me" au "protest the decision", usimsahihishe. Mwingereza ndiye husema "write to me" na "protest against".

Hatua ya 8: Ziba, kisha jaza

Nakili aya moja ya Kiingereza kizuri, futa kila kihusishi kinachofuata kitenzi, iweke hadi kesho, kisha ijaze bila kutazama asili. Ulipokosea, fungua kamusi ya wanafunzi. Huko kihusishi huwekwa karibu na kitenzi chake. Anza na hizi, na ujue kwamba nafasi nyingine inatakiwa kubaki tupu:

1. She apologised ___ me ___ being late.
2. We approached ___ the gate.
3. They accused him ___ lying.
4. Who does this bag belong ___?
5. He threw a stone ___ the dog.

Majibu: ya kwanza ni "to" na "for", ya pili haina kitu, ya tatu "of", ya nne "to", ya tano "at", maana mbwa hakuombwa kulidaka.