Namna ya kuchagua kati ya spika za honi na spika za mnara kwa ajili ya sebuleni

Mtu anayetafuta spika za kusikilizia muziki nyumbani huanza kwa kuangalia bei na umbo, ilhali yanayopaswa kutangulia ni chumba alicho nacho na amplifaya atakayoitumia. Wengi wetu tukisikia habari za honi tunakumbuka vipaza sauti vya misikitini na vya magari ya matangazo. Navyo ni ndugu wa honi za nyumbani, isipokuwa vile viliundwa ili maneno yafike mbali, na hizi ziliundwa ili muziki ufike ukiwa kamili.

Kufahamu kazi ya honi, zungushia mdomo viganja vyako na umwite mtu aliye upande wa pili wa uwanja. Pumzi ni ile ile, lakini mwito unafika. Katika spika ya mnara, yaani kabati refu jembamba lenye koni mbili tatu na twita (kispika kidogo cha sauti nyembamba) juu, koni husukuma hewa ya chumba moja kwa moja, na sehemu kubwa mno ya umeme huishia kuwa joto. Honi, kwa kuwa nyembamba shingoni na kupanuka taratibu hadi mdomoni, hukiwezesha kiwambo kidogo, yaani utando unaotikisika kutoa sauti, kuishika hewa barabara, hivyo kiwambo hicho hutikisika kidogo tu na sauti hupotoka kidogo.

Tofauti hiyo huonekana katika karatasi ya vipimo, kwenye mstari wa unyeti, ambao hueleza spika inatoa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) ngapi kwa wati 1 ukiwa umbali wa mita 1. Minara mingi ya nyumbani huwa kati ya 86 na 90. Klipschorn, spika ya honi ambayo Paul W. Klipsch alianza kuiuza mwaka 1946 kutoka mji wa Hope, Arkansas, nchini Marekani, inatajwa kuwa na 105. Kila desibeli 3 za ziada hudai nguvu ya amplifaya maradufu. Kwa hiyo mnara wa desibeli 87 utahitaji wati 64 kufikia sauti ambayo honi hiyo inaitoa kwa wati 1. Kama una amplifaya ya valvu, yaani ile ya taa za kioo, yenye wati 8, honi ndiyo mwenzake. Ila usinunue kabla hujaiwasha bila muziki na kusogeza sikio karibu na mdomo wa honi, kwa maana mlio wa "sss" wa amplifaya ambao mnara huuficha, honi huutoa wote hadharani.

Kikwazo kikubwa cha honi ni besi. Wimbi la sauti nzito ya hezi 40, yaani mitikisiko 40 kwa sekunde, lina urefu wa mita 8 na nusu hivi, na honi iliyonyooka ya kulibeba ingejaza sebule nzima. Klipsch aliikunja honi ya besi ndani ya kabati, kisha akazifanya kuta mbili za kona kuwa mwendelezo wake. Basi, kabla ya kutamani spika ya aina hiyo, chukua futikamba uhakikishe kwamba una kona mbili kwenye ukuta mmoja, zisizo na mlango wala dirisha karibu, na kwamba kiti chako kitakuwa mita 3 au zaidi kutoka kwenye spika. Ukikaa karibu zaidi, sauti ya twita na ile ya honi ya kati husikika kama watu wawili wanaosema kwa zamu. Kwa asiye na kona ipo Heresy ya kampuni hiyo hiyo, ambayo ina honi kwa sauti za kati na za juu, na koni ya kawaida kwa besi.

Jambo moja linanifanya nizitetee honi katika nyumba zetu zenye sakafu ya marumaru na kuta tupu: honi huelekeza sauti mbele, hivyo kuta za pembeni hurudisha mwangwi mchache. Piga kofi moja katikati ya sebule. Ukisikia mlio unaotetema baada ya kofi, twita ya mnara itakuchosha mpaka uweke zulia na mapazia mazito.

Hata hivyo, honi mbaya ni mbaya kweli kweli. Nenda dukani na wimbo wa taarabu unaoufahamu vizuri, na usikilize mwimbaji peke yake kabla ya kusikiliza kanuni na fidla. Akisikika kana kwamba anaimbia puani, au ndani ya ndoo, iache spika hiyo hata kama imepunguzwa bei. Kwa chumba cha mita 3 kwa 4, chenye amplifaya ya kawaida ya wati 50 na watu watatu wanaokaa kwenye makochi tofauti, mimi ningechukua mnara bila kusita, nikausogeza nusu mita kutoka ukutani ili besi isivume, kisha nikaugeuza kidogo kuelekea kochi la katikati.