Unasoma Maadili ya Tiba Ughaibuni, Utafiti Unataka Kufanyia Kigoma?

Umepata nafasi ya uzamili wa maadili ya tiba na sheria za afya huko uliko, na msimamizi wako kafurahi kusikia tasnifu yako itahusu wagonjwa wa Kasulu. Hongera. Sasa chukua kalenda uhesabu miezi kinyumenyume.

Mvua za Kigoma huanza Oktoba au Novemba na kukatika kuelekea mwezi wa tano. Watu wanakuwa shambani na barabara za vijijini si za kuziamini. Wakati mzuri wa kumkuta mtu nyumbani ni Juni hadi Agosti, na bahati nzuri ndiyo likizo ndefu ya vyuo vingi vya Ulaya na Marekani. Kwangu mimi, maombi ya vibali yasiyotumwa kabla ya Krismasi yamechelewa.

Kibali cha kamati ya maadili ya chuo chako hakitoshi. Utafiti wa afya unaohusu watu hupitia NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Tena Tanzania hairuhusu uraia pacha, kwa hiyo ukishachukua pasipoti nyingine wewe ni mgeni hata kama kitovu chako kimezikwa Ujiji: utahitaji kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), mtafiti mwenza aliyeko nchini na kibali cha ukaazi daraja C. Mwenza mtafute mapema. MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, ambako nako hufundishwa uzamili wa maadili ya tiba, ni pa kuanzia. Baada ya hapo barua zinashuka ngazi kwa ngazi: Katibu Tawala wa Mkoa, Mkurugenzi wa Halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji. Kama mtendaji ni mjomba wako, omba kijiji kingine. Watu watakubali kwa kumstahi yeye, na hiyo siyo ridhaa. Anayetaka kuhoji wakimbizi wa kambi ya Nyarugusu aongeze ruhusa ya Wizara ya Mambo ya Ndani.

Pa kutolea jasho ni fomu ya ridhaa. Yangu ilikuwa ya kurasa saba, Kiswahili kilichotafsiriwa neno kwa neno. Nilipomsomea mama mmoja kwamba anaweza kujitoa "bila adhabu", alisimamisha kumenya mihogo: "Adhabu? Kwani nimekosa nini, mwanangu?" Usiku ule niliiandika upya. Sasa inasema: ukichoka tunaacha, na dawa zako utaendelea kupewa kama kawaida. Kurasa mbili. Isibadilishwe kienyeji, lakini: toleo jipya lazima lirudi kwenye kamati, nami lilinila wiki tatu. Basi iandike kwa Kiswahili tangu mwanzo, umsomee bibi yako kwa simu kabla ya kuituma. Asiyejua kusoma aweke dole gumba mbele ya shahidi asiye wa timu yako. Na wazee wengine hujieleza vizuri zaidi kwa Kiha. Tafuta mkalimani, ila asiwe muuguzi anayewatibu.

Suala la umri huwanasa hata wanasheria. Sheria ya UKIMWI ya 2008, ilivyorekebishwa 2019, inamruhusu kijana wa miaka 15 kupima VVU bila idhini ya mzazi. Kupima ni huduma. Kushiriki utafiti ni jambo jingine, na kwa aliye chini ya miaka 18 panga kupata idhini ya mzazi pamoja na kukubali kwake mwenyewe.

Rekodi za mahojiano usizirushe tu kwenye seva za chuo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inagusa taarifa zinazovuka mpaka, na za afya ni nyeti. Sampuli za damu zina mkataba wake wa kusafirishwa. Kama hoja yako haihitaji damu, achana nayo.

Wa Tabora, njia ni hiyohiyo. Badala ya "mwidiwe" ya Waha utaamkia "mwangaluka" ya Wanyamwezi. Popote ulipo, kifuta jasho cha washiriki kiwe nauli na sabuni, kisiwe kiasi cha kumfanya mtu ashindwe kukataa.

Shahada ikitoka, ipeleke TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) itambuliwe kabla hujaomba kazi nchini. Na mwanasheria asijidanganye: uzamili wa sheria za afya haukufanyi wakili. Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo bado inakusubiri.