Rimu na matairi ya BMW E46: timazi kwanza, pesa baadaye

Shemeji yangu amenunua E46 (BMW Series 3), 325i ya mwaka 2002, na kabla hata hajabadilisha oili akawa ameshalipia rimu. Alifungua buti akanionyesha: rimu nne, zimeng'arishwa hadi unajiona usoni, zimetoka kwenye E39, yaani BMW Series 5. "Shemeji, hizi ni tano kwa mia na ishirini. Si ndizo zilezile?"

Nikamwuliza kama muuzaji anakubali kurudishiwa mzigo.

Sikumcheka, maana kosa hilo nililifanya mimi mwenyewe, tena kwa rimu za gari lilelile, nikapoteza wiki mbili na balansi tatu. Yafuatayo ndiyo niliyompitisha. Natumia E46 kwa mifano kwa sababu ndiyo ninayoijua kwa mikono yangu. Ukiwa na Altezza, Mark II au 190E njia haibadiliki, kinachobadilika ni namba.

Hatua ya 1: Soma gari kabla ya kusoma matangazo ya rimu

Fungua mlango wa dereva. Kwenye fremu ya mlango kuna kibandiko chenye saizi za matairi na kiasi cha upepo. Kipige picha.

Kisha vua gurudumu moja, ligeuze, usugue vumbi la breki upande wa nyuma. Utakuta maandishi yaliyogongwa kwenye chuma chenyewe, mfano 8Jx17 halafu IS47. Watengenezaji wengi huandika ET, BMW wao huandika IS. Ni kitu kimoja. Nane ni upana wa rimu kwa inchi, J ni umbo la ukingo, 17 ni kipenyo kwa inchi. Hiyo 47 ni milimita, na ndiyo tutakayoizungumza mpaka uichoke.

E46 za kawaida zilitoka na 195/65R15, 205/55R16 au 225/45R17, na baadhi zilikuwa na 245/40R17 kwa nyuma. Usichukue namba za M3 ukazipachika kwenye 325i. M3, E46 ya michezo, ina madigadi mapana zaidi, na rimu zake za nyuma za 9J ET26 zimetengenezewa mwili huo.

Kama gari lako ni la miaka ya 1980, angalia pia kama rimu zake ni za TRX. Ukiona tairi limeandikwa 390 au 365 mahali ambapo ungetegemea 15 au 16, hizo ni rimu za milimita, na tairi la kawaida la inchi halikai juu yake. Hapo huna mjadala, unabadilisha rimu.

Hatua ya 2: Matundu ya boliti

E46 ni 5x120, yaani boliti tano kwenye duara la kipenyo cha milimita 120. E30, Series 3 ya zamani zaidi, ya kawaida ni 4x100, kwa hiyo usiazime. Kuna rimu za Chevrolet za zamani zenye 5x120.65, na zitaonekana kama zinaingia. Ziache. Tumalizie hapo.

Hatua ya 3: Rimu inakaa wapi

Hapa ndipo nilipopigwa.

Kila rimu ina uso unaobana kwenye habu. Namba ya ET inakwambia uso huo uko mbali kiasi gani na mstari wa katikati ya upana wa rimu. ET ikiwa kubwa, gurudumu linajivuta ndani kuelekea shokomzoba. ET ikiwa ndogo, linatoka nje kuelekea digadi. Watu wengi wanaijua nusu hiyo ya hadithi, halafu wanasahau kwamba upana wa rimu nao unasukuma pande zote mbili. Ndiyo maana swali la "ET ngapi inafaa E46?" halina jibu mpaka useme rimu ina upana gani.

Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Zidisha upana wa rimu kwa 25.4 upate milimita, gawanya kwa mbili. Ukitoa ET, unapata umbali wa kutoka uso wa habu kwenda nje. Ukijumlisha ET, unapata umbali wa kwenda ndani.

Rimu ya kiwandani ya 8J ET47: upana ni milimita 203.2, nusu yake 101.6. Nje ni 54.6, ndani ni 148.6. Andika namba hizo mbili kwenye karatasi. Hizo ndizo kipimo chako, kila rimu utakayoitamani utailinganisha nazo.

Sasa chukua rimu za shemeji, 8J ET20 za E39. Upana ni uleule, lakini nje ni 81.6. Yaani gurudumu linatoka milimita 27 zaidi kila upande, zaidi ya inchi nzima. Kwenye picha linapendeza. Pakia watu wawili nyuma, pita kwenye tuta, utasikia digadi linavyokata tairi.

Mfano wa tatu, ambao watu huuliza sana: 8.5J ET40. Nusu ya 215.9 ni karibu 108. Nje ni 68, ndani ni 148. Kwa ndani umebaki karibu palepale pa kiwanda, kwa nje umeongeza milimita 13 na kidogo. Kwenye E46 ambayo haijashushwa hiyo naiona saizi ya kiungwana. Ukienda 8.5J ET35 unaongeza 18 nje, na hapo inategemea tairi utakalovalisha na hali ya madigadi yako.

(Upana wa J hupimwa ndani ya kingo, mahali tairi linapokaa, hivyo rimu nzima ukiipima kwa futi itakuwa pana zaidi kwa kama inchi moja. Kwa kulinganisha rimu na rimu haidhuru, ziada hiyo iko pande zote. Ila usipime rimu ya dukani kwa futi ukasema "hii ni tisa" kumbe ni nane.)

Karatasi inakupa tofauti, haikwambii una nafasi kiasi gani. Hilo unalipima kwenye gari lenyewe, na hapa ndipo sikubaliani kabisa na zile kurasa za kuingiza namba ukapewa picha ya rangi. Gari la miaka zaidi ya 20 lina springi zilizolegea, bushi zilizochoka, na pengine digadi lililowahi kunyooshwa. Kurasa hizo hazijui hayo.

Mimi natumia timazi. Gari likiwa limesimama chini kwa magurudumu yake, sehemu tambarare, ninginiza uzi wenye kizito kutoka ukingo wa digadi, juu ya katikati ya gurudumu. Pima kutoka uzi hadi ukingo wa rimu. Fanya hivyo magurudumu yote manne. Kwenye gari la shemeji, nyuma kulia tulipata nafasi pungufu kwa milimita 6 kuliko kushoto. Tulipoinama na tochi tukaona ndani ya digadi rangi imepigwa brashi: pamegongwa, pamekunjwa, pamefunikwa. Chukua kipimo kidogo kuliko vyote, hicho ndicho cha kufuata.

Kwa ndani, mbele, kata usukani mwisho wa kila upande, kisha ingiza kidonge cha udongo wa kuchezea watoto kati ya tairi na shokomzoba, mahali palipokaribiana zaidi. Kitoe ukipime unene. Mimi sikubali chini ya milimita 5. Kama umefunga shokomzoba za kurekebisha urefu, rudia kipimo baada ya kuzifunga, kwa sababu kikalio cha springi huweza kushuka hadi usawa wa tairi na kukunyang'anya nafasi uliyodhani unayo.

Jambo lingine la hatua hii ni tundu la kati, na ndilo lililonila wiki mbili. Habu ya E46 ina kipenyo cha milimita 72.6. Tundu la rimu za E39 ni 74.1. Boliti zinaingia, rimu inakaza, kila kitu kinaonekana sawa. Lakini rimu haikukalia habu. Inaning'inia kwenye boliti, na kuna mwanya wa robo tatu ya milimita kuizunguka. Nilipofika kilomita 100 kwa saa usukani ukaanza kutetemeka kama una homa. Nikarudi kwa fundi wa balansi. Akaongeza vizito. Ukatetemeka. Nikabadilisha magurudumu ya mbele na ya nyuma, mtetemo ukahamia kitini. Balansi ya pili, ya tatu. Fundi akaanza kuilaumu ekseli, nami nikaanza kuulizia bei ya ekseli. Ni siku nilipovua gurudumu kwa sababu nyingine kabisa ndipo nikaona duara la kutu kwenye habu ambalo rimu haikuwahi kuligusa.

Dawa ni ringi za kujazia, 74.1 kwa nje na 72.6 kwa ndani. Napendelea za aluminiamu zilizopakwa grisi nyembamba. Za plastiki hazina ubaya mpaka siku utakayoendesha kwa breki kali ukazikuta zimelainika. Kinyume chake hakina dawa rahisi: rimu ya E46 haiingii kabisa kwenye habu ya E39 bila kuchongwa. Na hata ukiwa na ringi, zile milimita 27 za nje bado ziko palepale. Ringi hutibu mtetemo tu.

Kabla ya kufunga rimu yoyote, sugua habu kwa brashi ya waya. Ganda la kutu linatosha kuifanya rimu ikae upande.

Kuhusu spesa, vile vipande vinavyowekwa kati ya habu na rimu ili kuitoa nje, sizipendi. Nanunua rimu yenye ET sahihi. Ukilazimika, chukua ile yenye kola inayoshika habu na rimu pia, wala usiongeze spesa bila kuongeza urefu wa boliti kwa kiasi hichohicho.

Hatua ya 4: Breki

Diski za mbele za 318i ni milimita 286, za 325i ni 300, za 330i ni 325. Rimu ya inchi 15 inayokaa vizuri kwenye 318i haiwezi kuipita kalipa ya 330i. Ijaribishe rimu tupu kwa mkono kabla ya kuvalishwa tairi, uizungushe mzunguko mzima. Rimu ambayo imevalishwa tairi na kukwaruzwa, muuzaji hairudishi.

Hatua ya 5: Saizi ya tairi

Kipenyo cha gurudumu zima kikae karibu na cha kiwandani. 205/55R16 ni hivi: ubavu ni asilimia 55 ya 205, yaani 112.75, mara mbili, jumlisha 406.4 ya rimu, jumla 631.9. Kwa njia hiyohiyo 225/45R17 ni 634.3, na 225/40R18 ni 637.2. Zote ziko ndani ya asilimia moja, spidomita haitashtuka. Lakini 235/40R18 ni 645.2, asilimia mbili juu, na urefu huo unaingia kwenye digadi hilohilo ulilolipima kwa timazi.

Msimamo wangu: gari hili ni la inchi 17, na saizi moja magurudumu yote manne. Unaweza kuhamisha ya mbele nyuma yakaisha kwa usawa, na bado kuna ubavu wa kulinda rimu kwenye shimo. Inchi 18 nimeishi nazo. Nilichovuna ni rimu mbili zilizopinda. Kama una 325xi au 330xi, zinazosukuma magurudumu yote manne, saizi tofauti mbele na nyuma zinahitaji vipenyo vinavyolingana sana, la sivyo unaitafuna gia inayogawa nguvu. Mtindo wa kuvuta tairi jembamba juu ya rimu pana sitaueleza hapa.

Usisahau namba ya mzigo. 225/45R17 kwa kawaida ni 91, yaani kilo 615 kwa tairi moja. 225/40R18 ya kawaida huwa 88, ambayo ni kilo 560. Umepanda rimu, umeshuka uwezo. Ukitaka 18, tafuta iliyoandikwa 92 XL (tairi lililoimarishwa kwa mzigo zaidi), inayobeba 630. Na soma tarehe: tarakimu nne za mwisho kwenye mstari wa DOT ni wiki na mwaka, 2319 ni wiki ya 23 ya 2019.

Hatua ya 6: Kufunga

Boliti ni M12x1.5 zenye kikalio cha pia, nyuzi 60. Rimu nyingine hutaka kikalio cha mviringo; ukichanganya hazitashika. Ziingize kwa mkono ukihesabu mizunguko, mimi nataka saba au zaidi kabla hazijakaza. Ndefu kupita kiasi nazo ni balaa: kwa nyuma, ndani ya diski kuna viatu vya handbreki, na boliti ikitokeza inavigonga. Zungusha gurudumu kwa mkono kabla ya kushusha jeki, usikilize. Kaza kwa spana ya torki, Nm 120, kwa kurukaruka mfano wa nyota. Baada ya kilomita 100 hivi kaza tena.

Kisha bandika utepe wa karatasi kwenye kingo za ndani za madigadi, jaza watu wanne, tafuta tuta na kona, rudi uangalie utepe. Wa shemeji ulirudi mzima. Muuzaji alimrudishia sehemu ya pesa, akapata 8J ET47 zilizochubuka kidogo, tukazivalisha 225/45R17. Bado analalamika kwamba hazing'ari.