Namna ya Kuanza Mazoezi na Kupunguza Uzito kwa Mtu Aliyekaa Miaka Bila Kuushughulisha Mwili

Mtu ambaye kwa miaka kadhaa ametoka kitandani akaingia kwenye gari, akakaa ofisini au dukani mpaka jioni, kisha akarudi nyumbani kuketi mbele ya televisheni, anapoamua kubadilika hutaka kulipa deni lote kwa wiki moja. Jumatatu anakimbia, Jumanne anakimbia tena huku magoti yanalalamika, Jumatano kushuka ngazi kunamshinda, na wiki inayofuata raba zimerudi chini ya kitanda. Njia inayoelezwa hapa ni ya polepole, kwa kuwa ndiyo inayoufaa mwili mzito usiozoea shughuli, na imezingatia kwamba msomaji anaishi Dar es Salaam, jiji lenye joto, unyevunyevu, foleni na kibanda cha chipsi kila kona.

Kabla ya yote, pima shinikizo la damu na sukari katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe, kwa sababu mtu anaweza kuishi na presha kwa muda mrefu bila kuhisi dalili yoyote. Mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, mjamzito, na yeyote anayepata maumivu ya kifua au kizunguzungu anapopanda ngazi, azungumze na daktari kwanza na kufuata atakachoelekezwa. Hapo hapo kituoni omba upimwe uzito na urefu. Ukigawa uzito wako kwa kilo kwa urefu wako kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe, utapata kipimo ambacho kikianzia 25 huhesabiwa kuwa uzito umezidi, na kikianzia 30 huhesabiwa kuwa ni unene uliokithiri. Mtu mwenye kilo 92 na urefu wa mita 1.68, kwa mfano, anapata 32.6. Asishtuke akadhani kwamba ni lazima arudi kwenye uzito aliokuwa nao alipomaliza shule, kwa kuwa kupungua asilimia 5 hadi 10 ya uzito alionao sasa, yaani kilo 5 hadi 9 hivi kwa mtu huyo, tayari huwa na manufaa ya kweli kwa presha na sukari.

Zoezi la kuanzia ni kutembea. Wengi huliona ni zoezi la wazee, wakalidharau, lakini wakati wa kukimbia kila hatua huutua mguuni mzigo unaozidi uzito wa mwili mara mbili au tatu, na ingawa moyo na mapafu huzoea kazi mpya ndani ya wiki chache, kano na mifupa huchelewa. Ndiyo maana anayeanza husikia pumzi imeongezeka, akajiona yuko tayari kwa mbio, kumbe kisigino na goti bado. Kwa wiki mbili za mwanzo tembea dakika 10 hadi 15 kwa siku, siku tano za wiki, kisha ongeza dakika 5 kila wiki mpaka ufike dakika 30 au zaidi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watu wazima wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na nusu saa mara tano kwa wiki inalitimiza hilo barabara. Mwendo unaofaa ni ule unaokuwezesha kuzungumza sentensi nzima lakini usiweze kuimba. Ukiweza kuimba ongeza mwendo, na ukishindwa kuzungumza punguza. Baada ya mwezi mmoja na nusu au miwili hivi, kama viungo havilalamiki na unapenda kukimbia, chomeka dakika moja ya kukimbia taratibu kwa kila dakika mbili za kutembea. Asiyependa kukimbia aendelee kutembea, wala hajapoteza kitu.

Jiji hili lina mahali pengi pa kutembea kuliko tunavyokiri. Daraja la Tanzanite, lililoanza kutumika mwaka 2022 na lenye urefu wa takribani kilomita moja, lina njia ya waenda kwa miguu na upepo wa bahari. Kwenda na kurudi ni kilomita mbili, na hivyo hakuna haja ya kupima umbali. Ufukwe wa Coco nao unafaa, mradi utembee kwenye mchanga ulioshikana karibu na maji wakati bahari imekupwa, kwa sababu mchanga mkavu huchosha vifundo vya mguu ambavyo havijazoea. Anayeishi Mbagala, Gongo la Mboto au Kimara hana sababu ya kupanda magari mawili ili akafanye mazoezi. Atumie barabara za ndani za mtaa au uwanja wa mpira, mbali na moshi wa barabara kuu. Anayepanda daladala au mwendokasi ashuke kituo kimoja kabla ya chake. Vipo pia vikundi vya mazoezi vya mitaani vinavyopiga mchakamchaka kwa nyimbo alfajiri za mwisho wa wiki, na ni vizuri kujiunga navyo, hasa kwa akina dada wasiopenda kutembea peke yao kabla hakujapambazuka. Mwambie kiongozi wa kikundi mapema kwamba wewe ni mgeni na utatembea nyuma, kwa maana nyimbo zile zina namna ya kumfanya mtu asahau magoti yake.

Joto lazima liheshimiwe. Kuanzia Desemba hadi Machi jua la mchana hapa si la mtu mzito anayejifunza kutembea, kwa hiyo toka kati ya saa kumi na mbili na saa moja na nusu asubuhi, au baada ya saa kumi na moja jioni, na ukumbuke kwamba hata asubuhi unyevunyevu wa hewa huzuia jasho kukauka, wakati ni kukauka kwa jasho ndiko kunakopoza mwili. Hapa pana desturi moja ambayo ingefaa iachwe kabisa, nayo ni ya kuvaa sweta, koti la mvua au kujifunga nailoni tumboni ili kutoa jasho. Uzito unaopotea kwa jasho ni wa maji, nao unarudi mara tu ukinywa, huku mafuta yakibaki pale pale yalipokuwa. Kinachoongezeka ni hatari ya kuishiwa maji na kuzidiwa na joto. Vaa fulana nyepesi, beba maji, na ukihisi kichefuchefu, kichwa kuuma au kizunguzungu, simama, kaa kivulini, unywe maji na ujimwagie mengine. Maumivu ya kifua yanayosambaa mkononi au kwenye taya si ya kusubiriwa yaishe. Nenda hospitali mara moja.

Kuhusu viatu, raba za mtumba za soko la Karume zinatosha kabisa kwa anayejua kuchagua. Kikunje kiatu kwa mikono miwili: kinatakiwa kupinda pale vidole vinapoanzia, na kikipindia katikati ya unyayo kirudishe. Bonyeza soli kwa kidole gumba pembeni mwa kisigino. Soli nzima hubonyea na kurudi, ilhali iliyozeeka huwa ngumu kama kigae. Kisha chungulia mstari wa gundi, kwa kuwa gundi iliyokaa miaka ghalani huachia siku ya kwanza lami ikipata moto. Nunua kinachobakisha nafasi ya upana wa kidole mbele ya kidole kikubwa. Jambo ambalo watu huona haya kulisema ni kuchubuka mapaja, ambalo limewarudisha wengi nyumbani: paka mafuta ya mgando sehemu zinazosuguana, au vaa bukta ndefu ya kubana ndani ya suruali. Soksi zilizolowa zivuliwe mara moja, kwani fangasi wa vidoleni hupenda sana hali ya hewa ya Pwani.

Siku mbili za wiki zitengewe misuli, maana anayepunguza chakula bila kutumia misuli hupoteza misuli pamoja na mafuta. Ukumbi wenye vyuma ni mzuri lakini si wa lazima. Simama mbele ya kiti kisichoyumba, kaa taratibu, kisha inuka bila kujisukuma kwa mikono. Ukiweza mara 8 au 10, pumzika dakika moja na urudie. Piga pushapu ukiwa umeegemea ukuta, na ukizoea uhamie kwenye ukingo wa meza nzito. Panda na kushuka kidato cha ngazi. Maumivu ya misuli yanayotokea kesho yake au kesho kutwa ni ya kawaida na huisha; maumivu makali ya ghafla ndani ya kiungo si ya kawaida, na zoezi lililoyaleta lisimamishwe.

Sasa tuje kwenye sahani, ambako ndiko uzito unakoamuliwa hasa. Mtu wa kilo 90 akitembea haraka kwa nusu saa hutumia takribani kilokalori 150 hadi 200. Soda ya kawaida ya mililita 350 ina sukari ya gramu 35 hadi 40, karibu vijiko tisa vya chai, sawa na kilokalori 150. Kwa maneno mengine, anayetoka Daraja la Tanzanite na kufungua soda ya kujipongeza amekunywa karibu yote aliyoyatolea jasho. Kwa hiyo anza na vinywaji, kwa kuwa havishibishi na kuviacha hakumwachi mtu na njaa: soda, juisi zilizotiwa sukari na chai ya vijiko vinne. Chai ipunguzwe kijiko kimoja kila wiki, ulimi utazoea. Bia ya nusu lita nayo ina kilokalori 200 hivi, na mara nyingi haiji peke yake.

Baada ya vinywaji fuata mafuta. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kilokalori 120, na ukimtazama mpishi anayemimina moja kwa moja kutoka kwenye dumu utaona vijiko vitano vikiingia sufuriani kabla kitunguu hakijafika. Pima kwa kijiko. Familia ya watu watano inakula mchuzi mzuri uliopikwa kwa vijiko viwili. Zege, yaani chipsi mayai, ni mkusanyiko wa tatizo hili, kwa sababu viazi vimeshanyonya mafuta kwenye karai, kisha vinaongezewa mengine kwenye kikaango pamoja na mayai. Ifanye iwe ya mara moja moja, na jioni ya njaa barabarani chagua mishikaki, kachumbari nyingi na ndizi moja ya kuchoma. Maandazi, vitumbua na sambusa ni ndugu wa zege, hata kama ni vidogo.

Wanga hauhitaji kuachwa, na sioni Mtanzania atakayeishi mwaka mzima bila ugali na wali. Unahitaji kupimwa. Gawa sahani kwa macho: nusu iwe mboga za majani kama mchicha, matembele, kabichi au bamia, robo iwe samaki, dagaa, maharage, kuku au nyama isiyo na mafuta, na robo iliyobaki iwe ugali, wali au ndizi. Dona ni bora kuliko sembe kwa kuwa lina nyuzinyuzi nyingi na hushibisha zaidi, lakini mlima wa dona ni mlima vilevile. Kwa mama lishe sema wazi: "Mama, shikamoo, naomba unipunguzie wali, uniongezee mboga na maharage." Siku ya kwanza atadhani unatafuta punguzo la bei, mhakikishie kwamba utalipa bei ile ile, na kufikia siku ya tatu atakupakulia hivyo bila kuambiwa. Katika mwezi wa Ramadhani usihesabu saa za kufunga kama kupungua, maana futari ya tambi za sukari, kaimati na bajia huweza kurudisha yote na ziada. Tembea taratibu kabla ya magharibi au baada ya tarawehe.

Chai na vidonge vya kukata tumbo vinavyouzwa mitandaoni viachwe huko huko. Nyingi ya chai hizo hufanya kazi ya kuharisha, na kinachotoka ni maji. Limau na maji ya moto hayana madhara makubwa, wala hayayeyushi mafuta yoyote. Usingizi, kwa upande mwingine, haulipiwi na unasaidia: anayelala chini ya saa saba mara nyingi huamka na njaa kubwa zaidi na hamu ya vitu vitamu.

Ili kufuatilia maendeleo, jipime mara moja kwa wiki, asubuhi ile ile, kwenye mizani ile ile, kabla ya kula. Mizani ya barabarani ya Kariakoo, unayoipanda umevaa viatu na mkoba begani, itakudanganya. Tumia pia tepu ya fundi cherehani: izungushe kiunoni katikati ya ubavu wa chini kabisa na mfupa wa nyonga, toa pumzi kawaida, usivute tumbo ndani, kisha soma. Hatari ya maradhi huanza kupanda kiuno kinapozidi sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke. Wiki ya kwanza au ya pili uzito unaweza kushuka kwa kasi, na sehemu kubwa ya hiyo ni maji. Baada ya hapo nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri, na kilo moja ndiyo ukomo wa busara.

Ipo siku mizani itagoma kwa wiki tatu au nne. Mwili uliopungua unahitaji nishati kidogo kuliko ule wa mwanzo, na mkono unaopakua nao huwa umeanza kusahau vipimo. Rudi kwenye kijiko cha mafuta na robo ya wanga kwa wiki mbili, ongeza dakika 10 kwenye matembezi, na utazame tepu, kwa kuwa kiuno huweza kupungua huku uzito umesimama. Masika yakifunga barabara, fanya mazoezi ya kiti na ukuta ndani. Ukikosa wiki nzima kwa msiba au homa, anza tena kwa nusu ya dakika ulizokuwa umefikia. Na ikiwa miezi mitatu imepita, umefuata haya kwa uaminifu na hakuna kilichosogea kwenye mizani wala kwenye tepu, omba kuonana na mtaalamu wa lishe au daktari, uende na orodha ya dawa zote unazotumia, kwa kuwa zipo dawa, na pia matatizo ya tezi ya shingo, yanayoweza kuuzuia uzito kushuka.